Jiwe au springi: meza ya mashine ya santuri kwenye sakafu ya zege

Anayenunua mashine ya santuri Dar es Salaam hupewa ushauri mmoja kabla hata hajafika nayo nyumbani: tafuta kitu kizito. Kipande cha graniti kilichobaki kwenye kaunta ya jikoni, meza ya mninga kutoka kwa maseremala wa Keko, au tofali nne za inchi 6 na ubao juu yake. Anayetaja springi huangaliwa kama mtu anayetaka kuilaza sindano kwenye godoro. Ushauri huo una msingi, ila unachanganya mambo mawili yasiyofanana: kitu kigumu kukisukuma kwa mkono, na kitu kinachozuia mtetemo usipite.

Tuanze na haki ya wenye jiwe. Sindano husoma mfereji ambao sehemu zake tulivu zina mikunjo midogo kuliko elfu moja ya milimita, kwa hiyo meza inayoyumba au kuinama ni hasara ya wazi. Rega, kampuni ya Uingereza, wamejenga jina lao kwa mashine nyepesi, ngumu, zisizo na springi. Zile zenye springi zake ndani, kama AR ya Edgar Villchur ya mwaka 1961 au Linn LP12 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, hazitaki springi nyingine chini. Mbili zikipandana hubembezana. Hizo zipewe meza nyepesi iliyokaza, au rafu ya ukutani. DJ anayesukuma santuri kwa kiganja naye anahitaji kitu kilichotulia.

Lakini sehemu kubwa ya mabishano haya tumeyapokea kutoka Ulaya, kwenye nyumba zenye sakafu za mbao, ambako mtu akipita sebuleni sakafu nzima inacheza na sindano inaruka. Nyumba nyingi za Dar, ziwe za Sinza au ghorofa za Upanga, zimekaa juu ya zege na marumaru. Hatua za mtu si tatizo kubwa. Tatizo letu ni sabufa iliyolazwa sakafuni kwenye kona, inayonguruma kati ya hezi 30 na 100, yaani mitetemo 30 hadi 100 kwa sekunde, na jenereta kibarazani umeme ukikatika. Jenereta ndogo inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutetema kwa hezi 50. Zege hubeba mitetemo hiyo vizuri sana, na graniti iliyolazwa moja kwa moja juu yake hutetema pamoja nalo. Uzito husaidia dhidi ya sauti inayopiga kupitia hewani, maana bamba zito ni gumu kutikiswa na hewa. Kwa kinachopanda kutoka chini, uzito mtupu haufanyi lolote la maana.

Kinachozuia ni uzito uliokaa juu ya ulaini, na ulaini huo unapimwa kwa rula. Weka mzigo wote, angalia springi imezama milimita ngapi, kisha gawanya 16 kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo. Unapata masafa, yaani mitetemo kwa sekunde, ambayo meza yako itabembea yenyewe, kwa hezi. Ikizama milimita 1, ni hezi 16. Ikizama 4, ni 8. Ikizama 10, ni 5. Kinga huanza pale mtetemo unapozidi masafa hayo kwa mara 1.4, chini ya hapo meza haipunguzi kitu, na karibu na masafa yenyewe inakuza. Meza ya hezi 5 hupitisha takriban moja ya thelathini na tano ya mtetemo wa hezi 30, na moja ya mia hivi ya ule wa jenereta.

Sasa tazama kilichomo katikati ya ugumu wa jiwe na ulaini wa springi. Mkono wa mashine na katriji yake, yaani kichwa kinachobeba sindano, navyo vina masafa yao ya asili, na hulengwa yaangukie kati ya hezi 8 na 12, juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda na chini ya noti za besi. Meza inayozama milimita 2 hadi 4 huangukia hapohapo. Hiyo ndiyo sponji ya kufungia mizigo, ndiyo vipande vya kandambili, ndiyo raba ngumu za miguu. Raba hata hudanganya rula, kwa sababu ikitetema huwa ngumu kuliko inavyoonekana imelala, na masafa halisi hupanda juu ya hesabu. Wengi waliojaribu ulaini wakaukimbia walijaribu ulaini wa nusu, spika zikaanza kupumua mbele na nyuma bila sauti, wakarudi kwenye jiwe wakiwa na ushahidi mkononi. Ushahidi ni wa kweli, mshtakiwa siye.

Kwa hiyo graniti usiitupe, ipandishe. Bamba la sentimita 40 kwa 50, unene sentimita 3, lina kilo 16 hivi. Ongeza mashine ya kilo 12, kama Technics SL-1200, upate 28: kilo 7 kwa kila springi kati ya nne. Ukichagua springi kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, nenda na mzani wa kupimia uzito wa mwili. Isimamishe juu yake, ibonyeze sentimita moja, mzani usome kilo 7. Ikisoma 20, hiyo ni ya pikipiki, iache. Pete zake zisigusane ikiwa imebeba mzigo, la sivyo umerudi kwenye chuma kitupu. Ndani weka kipande cha sponji kisichobana ili isilie, na nje paka rangi, maana hewa ya bahari haichelewi kuleta kutu. Springi zikae mbalimbali, karibu na kingo, kisha uzisogeze kidogo kidogo hadi pimamaji itulie. Upande mzito utazama zaidi, hilo ni la kawaida.

Njia ya bei ndogo ni tyubu ya baiskeli ya mtoto ya inchi 12 au 16 chini ya bamba, ikiwa na upepo wa kuinua mzigo tu. Ikijazwa sana huwa ngumu na faida inaondoka. Itapungua upepo polepole, na jua la dirishani litaivimbisha, hivyo pimamaji haitoki mezani.

Bamba lisiguse ukuta, na waya zining'inie kwa ulegevu. Waya mgumu uliovutwa ni daraja la mtetemo. Mfuniko wa plastiki utoe unapopiga, unanasa sauti kama tanga. Kisha jaribu: mota imezimwa, sindano imelala kwenye santuri iliyosimama, sauti ianze chini na kupanda taratibu, gonga sakafu kwa kisigino. Mlio ukianza kukua wenyewe, shusha haraka kabla koili ya spika haijaungua, na sogeza sabufa kutoka kwenye kona. Ukisikia mngurumo ambao hauondoki hata sindano ikiinuliwa, kagua waya wa athi (wa ardhi), springi haihusiki.