Picha Isiyo na Uso Wake

Mwaka 1992 mabango 24 jijini New York yalibandikwa picha moja isiyo na neno lolote: kitanda, shuka jeupe lililokunjamana, na mito miwili iliyobonyea pale vichwa vilipolala. Msanii, Felix Gonzalez-Torres, alikuwa amefiwa na mpenzi wake, Ross Laycock, mwaka mmoja kabla, kwa UKIMWI. Mpita njia hakuelezwa hayo. Aliachiwa mito tu.

Wapo wanaoona kuwa picha za namna hii ni kutonesha kidonda, na hoja yao siipuuzi. Picha za penzi lililokwisha ni shahidi wa upande mmoja, maana ni nadra mtu kutoa kamera katikati ya ugomvi. Tunapigana picha siku ya kicheko, siku ya nguo mpya. Miaka ikapita, ukafungua simu saa saba usiku, unakuta watu wawili ambao kama vile hawajawahi kununiana. Hapo unamlilia mtu ambaye, kusema kweli, hakuwahi kuwepo. Sanaa nayo ina makosa yake: ukishaonyeshwa dirisha la mvua na mwanga hafifu mara kumi, unaanza kuipenda huzuni yenyewe kuliko ulivyompenda aliyeondoka.

Hata hivyo, kamera hiyohiyo inaweza kuusuta uongo huo. Mwaka 1984 Nan Goldin, mpiga picha wa Marekani, alitengeneza picha yake mwenyewe, mwezi mmoja baada ya kupigwa na mpenzi wake. Macho yamevilia, jicho moja limejaa damu. Midomo ameipaka rangi nyekundu kali, hereni ziko masikioni, shanga shingoni. Amejipamba, na bado anakutazama usoni. Alisema aliitaka picha hiyo ili asije akamrudia mwanamume yule. Alijua moyo utasahau, akauwekea ushahidi.

Edvard Munch, mchoraji wa Norway, katika mchoro wake wa kutengana wa 1896, alimpa mwanamume mkono mwekundu ulioshika kifua. Mwanamke anayeondoka hana macho wala mdomo, ila nywele zake bado zinapepea kumwelekea yule aliyebaki.

Ndipo ninapoegemea upande wa picha za namna hii. Katika kazi zote tatu, aliyeondoka haonekani sura. Anayetazamwa ni aliyebaki, au mahali alipobaki, na mtazamaji anapata nafasi ya kujiuliza maswali yake mwenyewe. Albamu iliyomo kwenye simu hufanya kinyume: inajaa uso wa mwingine mpaka wewe hupati pa kukaa.

Aliyefiwa simweki katika lawama hii ya albamu. Kwake uso ule ndio uliobaki, na sioni kwa nini mtu amshauri aufiche. Gonzalez-Torres mwenyewe aliyekuwa mfiwa alichagua mito, lakini hilo lilikuwa chaguo lake. Naye alifariki mwaka 1996, kwa ugonjwa uleule.