Matairi ya AT: faida porini, deni kwenye lami

Chukua bisibisi, chuchumaa nyuma ya gari lililovaa matairi ya AT (all-terrain, yaani ya ardhi ya kila aina), kisha chokonoa mfereji mmoja. Zitatoka kokoto mbili tatu, pengine na udongo mkavu wa safari ya wiki iliyopita. Ukifanya hivyo kwenye tairi la kawaida la barabarani, lile la HT, hutapata kitu cha maana, maana mifereji yake ni myembamba mno kumeza kokoto. Ugomvi wote kati ya matairi haya mawili uko hapo kwenye ncha ya bisibisi. Mfereji mpana unaoing'ang'ania ardhi laini ndio huo huo unaoimba kwenye lami, unaobeba mawe, na unaopunguza raba inayogusa barabara.

Wanaoyabeza matairi ya AT husema mshika mbili moja humponyoka. Wanaoyapenda hujibu kwamba njia yenyewe si moja: asubuhi uko kwenye lami, mchana uko kwenye makorongo, na hakuna anayebadilisha matairi manne njiani. Kila upande una hoja. Nianze na lami, kwa kuwa ndiko magari mengi yanakoishi, hata yale yenye taa juu ya paa na koleo lililofungwa pembeni.

Lalamiko la kwanza la kwenye lami huwa kelele. Kila jino la tairi likitua linagonga, na hewa iliyobanwa mferejini inachomoka kwa nguvu. Watengenezaji huyapa meno ukubwa usiolingana ili milio isirundikane kwenye sauti moja, na tairi likiwa jipya ujanja huo unasaidia kweli. Baadaye meno ya pembeni huanza kulika upande mmoja, kama kisigino cha kiatu cha mtu anayeburuza mguu, na mlio unarudi. Wengi hukimbilia kwa fundi wakidhani beringi imekufa, kumbe tatizo ni kutobadilishana matairi ya mbele na ya nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 hivi. Lakini kelele ni kero tu. Haijawahi kumtupa mtu mtaroni.

Kinachomtupa mtu mtaroni ni breki kwenye lami iliyolowa, na hapa AT lina deni kubwa ambalo wauzaji hulipitia haraka haraka. Raba inayogusa lami ni kidogo. Meno nayo ni marefu: tairi jipya la AT mara nyingi lina kina cha milimita 11 hadi 13, wakati la HT liko kwenye 8 au 9, na jino refu hujikunja unapokanyaga breki. Isitoshe, raba ya AT mara nyingi imechanganywa ili istahimili kuchanwa na mawe, na ugumu huo huo unaipunguzia uwezo wa kung'ang'ania lami yenye utelezi. Kwa haki yake, maji yakiwa yametuama mengi barabarani, ile mifereji mipana hupata kazi, inayameza na kuyatoa pembeni, hivyo gari halielei upesi. Ila ajali nyingi za mvua hazihitaji dimbwi. Utando mwembamba wa maji unatosha.

Nilijifunza kwa gharama yangu. Niliwahi kufunga AT za LT, zile za magari ya mizigo mepesi zenye daraja E la uzito, yaani kipimo cha mzigo ambao tairi linaweza kubeba, kwenye gari ambalo mzigo wake mkubwa ulikuwa watoto na mabegi. Mvua ya kwanza ilinikuta nikikaribia taa. Nilikanyaga breki pale pale ninapokanyaga siku zote, na pedali ikaanza kunitetemekea mguuni mapema kuliko nilivyozoea. Gari lilisimama, nusu ya boneti ikiwa imeshapita mstari. Hakuna aliyeumia, ila tangu siku hiyo sijawahi tena kulitathmini tairi kwa sura yake.

Kwa wanaonunua matairi yenye lebo ya Umoja wa Ulaya, mambo ni mepesi kidogo. Tangu Mei 2021 lebo hiyo inayapanga matairi kwa herufi kuanzia A hadi E, herufi moja ya ulaji wa mafuta na nyingine ya kushika lami yenye maji. Herufi ya maji ndiyo ya kuangalia kwanza. Tofauti ya herufi moja hapo ina uzito kuliko mazungumzo yote ya meno yaliyokaa kibabe.

Mafuta sitayakawiza. Tairi zito lenye meno makubwa linahitaji nguvu zaidi kulizungusha, na utalipa kidogo kidogo kwenye kila tangi. Wanaopandisha saizi wana hesabu nyingine ya kufanya. Ukitoka 265/65R17 ukaenda 265/70R17, kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hadi 803, yaani kama asilimia 3.4. Gari limeinuka milimita 13 tu, unene wa kidole, huku mshale wa spidi ukisoma 100 na wewe uko kwenye 103 na ushei, juu ya makosa yoyote ambayo spidomita ilikuwa nayo tangu kiwandani. Kidole kimoja cha kimo ni kitu kidogo cha kujivunia.

Sasa tuingie porini. Huko AT linapendwa, na mara nyingi linasifiwa kwa kazi ambayo meno yake hayakuifanya.

Meno husaidia kwenye nyasi mbichi, kwenye kilima chenye changarawe inayoporomoka, na kwenye tope jepesi ambalo chini yake kuna ardhi ngumu. Hapo HT litazunguka patupu huku AT likipanda taratibu. Udongo wa mfinyanzi ukilowa, hadithi inageuka. Mifereji ya AT hujaa kwa mizunguko michache tu, na ukishuka kulitazama unakuta tairi la duara, laini, limepakwa udongo pande zote, meno hayaonekani. Una kipara kilichogharimu pesa nyingi. Tairi la MT, lile la tope hasa, lina mapengo mapana yanayorusha udongo ukiongeza mzunguko. AT lina subira kidogo sana katika kazi hiyo.

Kwenye mchanga meno makali yanaweza hata kukudhuru, kwa sababu yanachimba. Mchanga unataka tairi lilale, likanyage eneo refu, lielee. Hiyo ni kazi ya upepo. Ukishusha kutoka PSI 35 hadi 18, alama ya tairi ardhini inarefuka kwa kiasi unachoweza kukiona kwa macho. Waweke madereva wawili kwenye mchanga ule ule, mmoja na AT lililojaa upepo wa barabarani, mwingine na HT lililoshushwa. Mimi dau langu liko kwa wa pili. Sharti ni kurudisha upepo kabla ya kurudi kwenye mwendo wa kasi. Tairi lenye upepo mdogo hukunja ubavu kila mzunguko, linapata joto, na joto hilo hulipasua. Asiye na pampu garini heri asishushe kabisa, au aridhike kurudi kwa mwendo wa baiskeli.

Halafu kuna mawe, na hapa ndipo jina linapowapoteza wengi. BFGoodrich walipoingiza sokoni All-Terrain T/A mwaka 1976, lilikuwa tairi la malori mepesi na magari ya porini. Tangu hapo jina limetanuka. Leo kuna AT zenye mwili mnene wenye tabaka nyingi za nyuzi, na kuna AT za magari madogo ya familia zenye ubavu mwembamba sawa na wa HT. AT ni jina la meno. Halikuambii chochote kuhusu mwili. Jiwe lenye ncha halipambani na meno. Linatafuta ubavu. Kama njia yako ni ya mawe, soma herufi za pembeni kwanza: je, imeandikwa LT, na daraja lake la uzito ni lipi? Ukishafunga LT, usifuate tu kibandiko cha upepo kilichopo mlangoni kama gari lilikuja na matairi ya kawaida, kwani LT huhitaji upepo zaidi kubeba mzigo ule ule.

Tahadhari hiyo hiyo inahusu theluji. Alama ya M+S (tope na theluji) inatokana na muundo wa meno tu, haidai jaribio la theluji. Ile picha ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake hupatikana baada ya tairi kujaribiwa kwenye theluji yenyewe. Zipo AT zinazoibeba na zipo zisizoibeba, na kwa sura tu huwezi kuzitofautisha.

Watu hupenda kuamua kwa asilimia: nikienda porini chini ya robo ya safari zangu, HT, ikizidi hapo, AT. Kipimo hicho sikiamini. Anayepita kila siku barabara ya vumbi iliyochongwa vizuri anaweza kukaa na HT imara miaka yote, akichunga upepo na kupunguza mwendo. Lakini yule anayeishi kwenye lami mwezi mzima, kisha siku moja anaingia mahali ambapo akikwama atalala hapo hapo, huyo AT linamfaa, na afadhali alipe deni la lami kila siku akijua analilipia nini. Swali ninalouliza ni umbali wa msaada ulio karibu. Hesabu ya kilomita inafuata nyuma.

Mimi mwenyewe nilirudi kwenye AT nyepesi, saizi ile ile ya kiwandani, yenye herufi nzuri ya maji, na pampu ndogo chini ya kiti. Yale mazito nilimuuzia jirani anayesomba mawe. Hajawahi kulalamikia kelele. Injini ya gari lake inazishinda.