Basant ya Lahore na uzi unaoua wapita njia

Majira ya baridi yanapoelekea kwisha na mashamba ya haradali ya Punjab kugeuka manjano, wakazi wa Lahore nchini Pakistan huikumbuka Basant, sikukuu ya kukaribisha majira ya kuchipua ambayo kwa vizazi vingi imeadhimishwa kwa kurusha tiara kutoka kwenye mapaa bapa ya mji wa kale. Watu huvaa manjano, hupika, hualika jamaa wa mbali, na usiku huendelea kurusha tiara nyeupe katika mwanga wa taa kubwa zilizofungwa juu ya nyumba. Sina ugomvi hata kidogo na furaha hiyo, wala siingii katika mabishano ya wanaodai kwamba sikukuu hii haiwafai Waislamu kwa sababu ina asili ya Kihindu. Ugomvi wangu ni na uzi.

Mchezo wa Basant ni mashindano, na mshindi ni yule anayeukata uzi wa mwenzake angani huku wenzake wakipiga kelele za “bo kata!” Ili uzi ukate, mafundi huutandaza kati ya nguzo na kuupaka rojo la gundi, rangi na unga wa vioo vilivyosagwa, kazi ambayo huwachanja vidole wao wenyewe. Uzi wa zamani ulikuwa wa pamba, na pamba, hata ikipakwa vioo, hukatika inapovutwa kwa nguvu. Hatari ilikua pale wachezaji waliotaka ushindi wa haraka walipoanza kutumia nailoni na hata waya mwembamba wa chuma, kwa maana vitu hivyo havikatiki kwa urahisi, na visipokatika, kinachokatika ni kile vinachokutana nacho.

Tiara iliyoshindwa huanguka na uzi wake hubaki umening'inia kukatiza barabara, usioonekana kwa jicho la mtu aliye katika mwendo. Mwendesha pikipiki huugonga kwa shingo, na mwendo wake mwenyewe ndio unaougeuza uzi ule kuwa kisu. Katika miji ya Punjab ni kawaida baba kumpakia mtoto mbele yake, juu ya tangi la mafuta, jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa analiona kila siku, na kwa hiyo mara nyingi mtoto ndiye anayeufikia uzi kwanza. Watoto wameuawa hivyo, mikononi mwa baba zao, wakiwa njiani kurudi nyumbani. Uzi wa chuma nao ukigusa nyaya za umeme humuua anayeushika na kuacha mitaa mizima gizani. Ongeza wavulana wanaoporomoka kutoka mapaani wakikimbilia tiara iliyokatwa, na risasi zinazopigwa hewani kwa shangwe kisha zikarudi chini juu ya vichwa vya watu.

Kwa sababu ya vifo hivyo, Mahakama ya Juu ya Pakistan ilipiga marufuku urushaji wa tiara mwaka 2005, na katika miaka iliyofuata ruhusa za siku chache zilitolewa na kila mara zikaleta misiba mipya. Hata hivyo, marufuku haikuuondoa uzi sokoni. Machi 2024, kijana mmoja aliyekuwa kwenye pikipiki mjini Faisalabad alikatwa koo na kufa barabarani, na video ya tukio hilo ikaenea nchi nzima. Mwanzoni mwa 2025 adhabu zikaongezwa hadi kifungo cha miaka 3 hadi 5 kwa mrushaji, na zaidi kwa mtengenezaji. Kisha, Desemba 2025, serikali ya mkoa wa Punjab ikatoa sheria ya dharura iliyofungua mlango wa Basant ya siku tatu mjini Lahore mnamo Februari 2026, kwa masharti ya uzi wa pamba pekee, wauzaji waliosajiliwa, na kutoruhusu wenye umri chini ya miaka 18 kurusha.

Naunga mkono masharti hayo, kwa kuwa marufuku ya jumla ilizivunja riziki za familia nyingi, wakiwemo wanawake waliotengeneza tiara majumbani, huku mfanyabiashara wa nailoni akiendelea kuuza kwa siri. Lakini siridhiki nayo. Anayepanda paa amekubali hatari ya mchezo wake, ilhali anayepita chini kwa pikipiki hakuulizwa, na hakuna sikukuu, iwe kongwe kiasi gani, inayompa mtu haki ya kumbebesha mwingine hatari hiyo. India, ambako uzi huohuo huua watu na ndege katika sherehe za Januari, ilipiga marufuku nailoni nchini kote mwaka 2017 kupitia mahakama yake ya mazingira, na bado uzi huo unauzwa, kwa sababu ni rahisi zaidi kumkamata mvulana mwenye tiara kuliko kukifunga kiwanda.

Kwa hiyo msako uanzie viwandani na maghalani miezi kadhaa kabla ya sikukuu, maana siku ya Basant uzi umeshafika mapaani. Siku za mchezo, pikipiki zizuiwe kabisa kuingia mitaa ya mji wa kale, na kwingineko kila moja ifungwe fimbo ya chuma mbele ya usukani ili uzi uishie hapo. Na watoto wapakiwe nyuma.