Mpira Unaodunda Ukutani Alfajiri

Kila siku kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, binti wa jirani yangu hapa Baltimore, Marekani, husimama nyuma ya jengo letu na kuurusha mpira wa raba ukutani, akaudaka kwa kimia cha fimbo yake, akaurusha tena, mkono wa kulia kisha wa kushoto, mpaka basi la shule lifike. Mwezi wa kwanza kelele hizo zilinikera hata nikaamua kuzungumza na mama yake. Jumamosi moja nilimwulizia, nikaambiwa yuko uwanjani. Nikamfuata huko, nikamkuta amepiga magoti kwenye nyasi akichora mistari kwa rangi nyeupe, huku baba mwingine akifunga wavu wa goli. Wakaniomba niwashikie ncha ya kamba ya kupimia. Malalamiko yangu yaliishia hapo, na mapenzi yangu kwa lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye kimia, yakaanzia hapo.

Ni mchezo unaoteka macho haraka. Mpira wake mdogo mgumu unaenea kiganjani, lakini wachezaji hawaruhusiwi kuushika. Anayekimbia nao huupembeza ndani ya kimia, kifundo cha mkono kikienda na kurudi kama cha mtu anayebembeleza mtoto, ili usidondoke wala kuporwa. Uwanja unaendelea nyuma ya goli, kwa hiyo hatari humjia golikipa hata kutoka mgongoni, naye analinda lango la futi sita kwa sita. Magoli kumi katika mechi moja ni jambo la kawaida.

Lakini kilichonishika zaidi ni wale wazazi. Wao ndio waliopanga ratiba, wao ndio wanaohesabu magoli, na fimbo zilizokuwa ndogo kwa mtoto aliyekua hupewa mdogo anayeanza. Hakuna aliyesubiri barua ya ruhusa. Nyumbani mnajua mambo yanavyokwenda: mchezo mpya ukitajwa, kabla mtoto mmoja hajagusa mpira tayari tuna mwenyekiti, katibu na mgogoro wa uchaguzi, na vifaa vikifika vinatafutiwa kabati lenye kufuli. Inaniuma kuliandika hili, kwa sababu ninawajua watu wetu, najua wanavyojitolea bila kuombwa panapotokea msiba au harusi, na sielewi kwa nini moyo ule ule unatuishia tunapofika kwenye uwanja wa watoto.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba nimeshasahau nilikotoka, na kwamba wazazi wa Marekani wana fedha na wikendi za kuchezea. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, nami siikwepi: hapa lakrosi imekaa miaka mingi mikononi mwa shule za gharama na familia zenye uwezo, na kofia ngumu na vikinga vya wanaume si vya bei ndogo. Hata hivyo mchezo wa wasichana hauruhusu kugongana miili, na mchezaji asiye golikipa huhitaji fimbo, miwani ya kukinga macho na kikinga meno tu. Anayesema umaskini ndio unaotuzuia anieleze ni umaskini gani unaomzuia mtu mzima kuchora mstari.

Mwingine atasema huu ni mchezo wa wazungu. Hapo sitanyamaza. Lakrosi ni mali ya mataifa asilia ya Amerika Kaskazini, na miongoni mwao Wahaudenosaunee huihesabu kuwa zawadi ya Muumba na tiba ya jamii. Mzungu mmoja wa Montreal, daktari wa meno William George Beers, aliuandikia kanuni mwaka 1867, na baadaye Wahaudenosaunee wenyewe walifungiwa nje ya mashindano ya mchezo wao. Hawakuuacha. Mwaka 1983 waliunda timu yao ya taifa, na mwaka 1990 wakashiriki ubingwa wa dunia kwa jina lao, bila wizara na bila kiti Umoja wa Mataifa. Mwaka 2010 walikosa mashindano ya Manchester kwa sababu Uingereza haikukubali pasipoti zao. Miaka minne baadaye, huko Denver, walitwaa nafasi ya tatu duniani, wakairudia mwaka 2018 na 2023. Watu waliozuiwa mpakani kwa ajili ya pasipoti wana haki kuliko sisi ya kulalamikia ofisi, lakini mchezo wao haujawahi kukaa ukingoja ofisi hizo.

Na mashindano hayo hayo ya Denver, mwaka 2014, ndiyo yaliyoipokea timu ya kwanza kutoka Afrika: majirani zetu wa Uganda. Nikikumbuka hilo kifua hunijaa, kisha hasira hufuata, kwa sababu njia ilishaonekana na wengi wetu tuliendelea kuuliza kama inaruhusiwa kupita.

Sasa sababu imeongezeka. Lakrosi, ambayo mara ya mwisho iligombewa medali ya Olimpiki mwaka 1908, itarudi Los Angeles mwaka 2028, kwa wanaume na wanawake, katika muundo wa wachezaji sita kila upande. Mechi ni robo nne za dakika nane, na timu yenye mpira ina sekunde 30 za kupiga goli. Uwanja wake ni mita 70 kwa 36, kwa hiyo kiwanja cha kawaida cha soka kinauchukua na nafasi inabaki. Mchezo wa kasi namna hiyo, wenye watu wachache na eneo dogo, unawafaa watoto wetu. Sidai kwamba tutafika Los Angeles. Nadai kwamba mzazi mmoja mwenye chokaa na kamba anaweza kuanza Jumamosi hii.

Mimi Jumamosi hii nina zamu. Mama wa yule binti amenikabidhi kopo la rangi na ile kamba, na nimeahidi kwamba mistari itakuwa imekauka kabla ya saa tatu, timu ya kwanza itakapoingia.