Adui akishinda mwisho wa muvi, tumedhulumiwa au tumeambiwa ukweli?

Huku Mtwara ukiingia kibanda umiza chochote, yaani banda la kuonyeshea muvi, iwe Magomeni, Chikongola au kule Mikindani, kuna sheria haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Anaweza akapigwa mpaka akavimba uso wote, akatupwa baharini mikono imefungwa, watu wametulia tu kwenye mabenchi maana wanajua atarudi na adui ataomba msamaha. Sasa ikitokea muvi imeisha, adui mzima, hela anazo, steringi ndo kalala chini, hapo ndo ubishi unaanza. Wengine wanadai jero yao. Wengine wanaapa kwamba imekatwa, eti mwendelezo upo sema mwenye kibanda hana. Na kuna sisi wachache ambao hiyo ndo muvi tunayoondoka nayo kichwani.

Mi naziunga mkono hizi muvi, nasema mapema kabisa. Ila wanaozichukia wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukubali, na naona tukibishana nao huwa tunawajibu kwa kuwaona washamba tu, kitu ambacho sio haki hata kidogo.

Hoja yao ya kwanza mi huwa inanigusa. Mtu kashinda juani feri anauza samaki, kaonewa na mwenye mtaji, kadaiwa huku na huku, usiku anatoa jero yake akaone angalau sehemu moja duniani ambako dhalimu anapata malipo yake. Kuna dada mmoja wa mtaani kwetu huwa anasema dhulma anaiona bure mchana kutwa, kwa nini ailipie usiku? Hilo swali sio la kitoto. Starehe ya mtu aliyechoka ina heshima yake, na mtengeneza muvi anayemnyima hiyo starehe anatakiwa ampe kitu kingine cha maana badala yake, sio tu kumshtua afu basi.

Ya pili ni dini na malezi. Wazee wetu huku Mtwara na Lindi wamekua wakiambiwa mali ya dhulma haidumu, na mtoto anafundishwa hivo hivo madrasa na nyumbani, sasa unamkalisha mbele ya TV anamuona muuaji anaondoka zake na begi la hela. Naelewa kabisa hofu yao. Lakini tuangalie vizuri, dini yenyewe haijatuahidi kwamba kila dhalimu ataanguka mbele ya macho yetu, ingekuwa hivo hesabu ya akhera ingekuwa ya nini? Wapo madhalimu wengi tu waliozikwa na heshima zao zote. Kinachotuahidi hukumu ya papo hapo, ndani ya saa moja na nusu, ni muvi.

Na hiyo ahadi ina historia, haijaota yenyewe. Marekani walikuwa na kanuni za maadili ya filamu, zimeandikwa 1930, zikaanza kubana kisawasawa 1934 mpaka zilipofutwa 1968, na moja ya masharti ilikuwa mhalifu lazima aadhibiwe. Angalia ilivyofanya kazi. Kuna muvi ya 1956 inaitwa The Bad Seed, inahusu kabinti kadogo kanaua watu. Kwenye kitabu na kwenye mchezo wa jukwaani kale kabinti kanapona, mama ndo anakufa, na hicho ndo kinachotisha. Kwenye muvi ikabidi wabadilishe, mama anapona, binti anapigwa na radi. Radi jamani! Yaani ilimradi tu adhabu ipatikane, hata kama ni mbingu zishuke.

India nako hivo hivo. Sholay ya 1975, ambayo baba zetu wanaijua scene kwa scene, mwisho uliopigwa kwanza ni Thakur, polisi mstaafu, anamuua jambazi Gabbar Singh kwa miguu yake, maana mikono alishakatwa na huyo huyo Gabbar. Bodi ya ukaguzi ikakataa, India ilikuwa kwenye hali ya hatari wakati huo, wakataka polisi wafike na Gabbar akabidhiwe kwa sheria. Hapo adui hakushinda, lakini mnaona nani alikuwa ana wasiwasi na mwisho wa muvi? Sio mama wa nyumbani. Hong Kong 2002 wakatoa Infernal Affairs, polisi feki aliyepandikizwa na genge anatoka kwenye jengo akiwa safi, mwema keshakufa kwenye lifti. Toleo la China bara likawekewa mwisho mwingine, anakamatwa. Kwa hiyo tukisema tunataka adui afe ili jamii ijifunze, tukumbuke kuna wakubwa nao wanataka hivo hivo kwa sababu zao, wanataka uamini polisi hufika daima na hakimu hanunuliki.

Sasa nije kwenye muvi ambayo kwangu mimi ndo inamaliza huu ubishi, Chinatown, ya 1974. Stori iko Los Angeles ya mwaka 1937, kuna ukame, wakulima wa bondeni wananyimwa maji makusudi ili wachoke wauze mashamba kwa bei ya kutupa, na anayeyanunua ni tajiri mmoja mzee anaitwa Noah Cross ambaye anajua fika maji yatapelekwa huko huko na ardhi itakuwa dhahabu. Hata jina lake halitumii, mashamba yanaandikwa majina ya wazee wanaotunzwa kwenye nyumba ya wazee, wengine hawajui kama wanamiliki chochote. Mpelelezi anagundua kila kitu, ushahidi anao, na haisaidii. Mwanamke aliyetaka kumkimbiza binti yake kutoka kwa huyo mzee anapigwa risasi na polisi ndani ya gari, na Cross anamkumbatia binti anaondoka naye huku polisi wapo. Mwandishi Robert Towne alikuwa anataka mwisho mwepesi kidogo, muongozaji Roman Polanski akakomaa na huu.

Mtu wa Newala au Tandahimba au Nachingwea hahitaji kuelezewa hii muvi. Kipindi cha kupulizia mikorosho, mwezi wa sita wa saba hivi, mkulima hana kitu, salfa inatakiwa, nyumbani kuna mgonjwa, mtoto anatakiwa shule. Anakuja mtu na hela taslimu, wanakubaliana korosho msimu ukifika, kwa kangomba, yaani ununuzi wa pembeni nje ya mnada, kwa kipimo chake na bei yake. Mwezi wa kumi minada inaanza, bei inatangazwa, na mkulima anaisikia tu redioni maana mzigo ulishakuwa wa mtu mwingine tangu maua hayajatoka. Huyo mnunuzi hana bunduki wala kovu usoni. Anasalimia vizuri na misibani anachangia. Kangomba imepigwa marufuku mara ngapi, hata 2018 serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wakulima ulikuwa unawatafuta hao hao, na bado neno kangomba halijafa midomoni mwa watu. Sasa nikimuonesha huyo mkulima muvi ambayo mlanguzi anakuwa chizi ghafla au anapata ajali ya gari kama Bongo movie nyingi zinavyopenda, nimemfundisha nini? Nimemwambia asubiri. Chinatown inamwambia tazama mchezo unavyochezwa, huyu ananunua lini, anatumia jina la nani, nani kamfungulia mlango.

Na wanaosema adui akishinda watu watampenda, nawaomba waangalie Lindi. Vita vya Maji Maji 1905 mpaka 1907 vilianzia Umatumbini, Nandete, na Mjerumani alishinda, akachoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu ambao makadirio mengine yanafika laki tatu. Ebrahim Hussein akaandika tamthilia ya Kinjeketile 1969 na mshindi hakumbadilisha, bunduki zinashinda, Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi, yuko mikononi mwa Wajerumani wanamtaka aseme maji yalikuwa uongo na anakataa. Mimi sijawahi kukutana na mtu aliyeisoma akaishia kumshangilia Mjerumani. Kwa upande mwingine chukua Scarface ya 1983, muuza unga Tony Montana anakufa mwishoni kwa risasi zisizohesabika, adhabu kapata kamili, na ndo huyo huyo vijana dunia nzima wanamvaa kwenye tisheti. Kwa hiyo kifo cha adui sio kinga. Vijana wanachukua yale masaa mawili ya magari na majumba, dakika tano za kaburi wanaziacha pale pale.

Wengine huwa wanaleta ngano, kwamba mbona Sungura anaiba na kudanganya na anashinda kila siku, na tumelelewa nazo. Mi sidhani inafanana. Sungura ni mdogo anamzidi ujanja Tembo na Simba, ndo maana tunacheka naye. Noah Cross ni Tembo anakanyaga wadogo.

Ila kuna aina ya hizi muvi nazikataa, na hapa nakaa upande wa wanaolalamika. The Usual Suspects ya 1995 imetengenezwa kwa akili sana, Kevin Spacey aliyecheza tapeli akachukua Oscar, ule mguu wake kiwete unavyonyooka barabarani ni kitu hutakisahau, lakini muvi inaisha tunampigia makofi tapeli na waliouawa kwenye meli hakuna anayewakumbuka, hata mimi siwakumbuki majina. Linganisha na Se7en ya mwaka huo huo, ambako Brad Pitt alikomaa mwisho usiguswe. Muuaji anapata alichokitaka hata kwa kupigwa risasi, lakini kamera haiendi kwake, inabaki na yule askari ndani ya gari, macho hayaoni mbele. Unatoka unamfikiria aliyeumizwa. Kwangu mpaka uko hapo. No Country for Old Men ya 2007 nayo naiweka upande huu wa Se7en, muuaji Chigurh anaondoka na mkono umevunjika, lakini dakika za mwisho ni za mzee sherifu aliyestaafu akisimulia ndoto. Infinity War ya 2018 siihesabu, adui Thanos aliazimwa ushindi mwaka mmoja tu tukauziwa tiketi ya mwendelezo.

Kuhusu watoto nakubali moja kwa moja, hizi sio zao. Tanzania tuna sheria ya filamu toka 1976, na filamu zinapangiwa umri, lakini pale mlangoni kwa kibanda anayeangaliwa ni mwenye jero na asiye na jero. Hapo wenye vibanda wabanwe, na wale madijei wanaotafsiri kwa sauti juu ya picha wana nguvu kubwa kuliko wanavyojua, nimeshasikia dijei anamsifia adui mwanzo mwisho kwamba huyu ndo mwanaume, mpaka muvi iliyokuwa inamlaani ikageuka ya kumtukuza. Angetafsiri tu kile mwanamke analia nini ingetosha.

Kwa hiyo kama kuna mdau huku kusini ana skripti ya kangomba kwenye daftari, aiandike mpaka mwisho, mlanguzi aondoke na magunia yake, na kamera ibaki uani kwa mkulima anapopiga hesabu ya salfa ya mwaka unaofuata. Mwekezaji akimwambia aweke polisi dakika ya mwisho, akatae.