Uvimbe wa ngozi kwa mwenye VVU: kutibu kwanza au kukata kipande kwanza?

Katika kliniki nyingi za VVU nchini Uganda, uvimbe wa rangi ya zambarau au mweusi juu ya ngozi hudhaniwa mara moja kuwa ni Kaposi, saratani inayoanzia kwenye kuta za mishipa ya damu na limfu. Dhana hiyo si uzembe, kwa kuwa Kaposi imeenea sana miongoni mwa wenye VVU nchini, na mabaka yakionekana hadi kwenye kaakaa huku mguu umevimba, daktari mzoefu hukosea mara chache. Lakini limfoma ya ngozi, yaani saratani ya seli nyeupe za kinga, nayo huwapata watu hao hao walioshuka kinga, mara nyingi ikiambatana na virusi vya Epstein-Barr.

Wanaotaka tiba ianze bila kukata kipande cha uvimbe na kusubiri majibu ya maabara wana hoja. Rangi za kawaida ambazo maabara hupaka kipande ili kukitazama kwa darubini hazitoshi kuthibitisha limfoma. Panahitajika vipimo vya protini za seli kama CD20 na CD30, ambavyo havipatikani kila hospitali, na mgonjwa asiye na nauli huenda asirudi kuchukua majibu. Tena Kaposi changa huweza kunywea kwa ARV pekee.

Hata hivyo, pale uvimbe unapokua ndani ya wiki chache, unapochimbika kuwa kidonda, au unapokataa kupungua ilhali virusi vimedhibitiwa, naona hoja hiyo inakwisha nguvu. Limfoma ya seli kubwa haitibiwi kwa dawa za Kaposi. Yapo pia maambukizi ya bakteria wa jamii ya Bartonella yanayofanana mno na Kaposi, ambayo hupona kwa antibiotiki ya doksisaiklini. Kumpa mgonjwa huyo dawa za saratani ni kumuumiza bure. Baya zaidi ni prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, inayotolewa kwa kubahatisha, kwa sababu huweza kuchochea Kaposi, na limfoma huifanya inywee kwa muda tu, kiasi kwamba kipande kinachokatwa baadaye huenda kisioneshe kitu.

Ni ajabu kidogo kwamba tunabishana hivi katika nchi ambayo taasisi yake ya saratani, pale Mulago jijini Kampala, ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya limfoma ya Burkitt. Kukata kipande chenyewe ni kazi ya dakika chache kwa ganzi, mradi kisu kishuke hadi kwenye mafuta chini ya ngozi. Kikwazo ni usafiri wa sampuli, na pikipiki zinazopeleka damu ya kupima wingi wa virusi kutoka vituo vya wilayani zingeweza kubeba na chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia kipande hicho.