Chenga za baba mkwe: hili ndo toleo kamili, siyo lile la klipu

Najua ile klipu yangu ya kwenye kol mshaiona. Jamaa yangu mmoja, humu nitamwita Mzee wa Klipu na yeye anajijua, kairusha kabla hata masikio hayajaacha kuvuma, kaikata pale panapomfaa, halafu chini kaandika "injinia wa sauti akiwa kazini". Sasa tulieni. Ile klipu haimuoneshi baba mkwe, na bila baba mkwe hamjaelewa kitu.

Tulikuwa kwenye kol ya usiku kama kawaida yetu, tunafukua magemu ya zamani, safari hii ya PlayStation ya kwanza kabisa. Mtu katoa faili kwenye diski, halina hata kiambishi mwishoni (kama .mp3), kauliza hili ni nini. Jamani, mimi na swali la faili za sauti! Nikashusha lekcha ambayo hakuna aliyeiomba. Nikawaambia sauti ambayo haijabanwa, ubora wa CD, inakula karibu MB 10 kwa dakika, wakati chipu ya sauti ya ile mashine ina memori ya KB 512, ukiimwagia sauti ya hivyo hata sekunde tatu hazitimii. Ndo wakatumia ADPCM, yaani badala ya kuhifadhi sampuli nzima (kipimo kimoja cha wimbi la sauti) unabashiri itakuwa ngapi halafu unahifadhi ile tofauti tu, biti 4 badala ya 16. Baiti 16 zinabeba sampuli 28: mbili za mwanzo ni maelekezo, zile 14 zilizobaki kila moja inabeba sampuli mbili. Mzee wa Klipu akaandika "prof!!" na mimi bichwa likavimba.

Baada ya lekcha yote hiyo, profesa huyo huyo akafungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, akaingiza faili kama data mbichi, akachagua PCM ya biti 16, yaani sauti isiyobanwa. Msiniulize kwa nini. Eti nilitaka kuchungulia kidogo. Kwa wale wa nyuma: hapo umeiambia kompyuta vile vipande vya tofauti ni sampuli kamili, kwa hiyo wimbi linaruka juu chini juu chini bila mpangilio, na kwa nguvu zote zilizopo.

Na dalili zilikuwepo! Faili la aina hii, VAG, linaanza na herufi VAGp, ukilifungua na programu yoyote ya maandishi unaziona, na kuna mtu aliandika hivyo hivyo kwenye meseji nikampita. Kwenye skrini lile wimbi halikuwa na mlima wala bonde, limejaa rangi kutoka juu mpaka chini. Mimi nikawaambia, "Mnaona walivyorekodi kwa nguvu?"

Nikabonyeza pleya.

Kimya.

Hedifoni ziko masikioni, ule mstari unatembea, sisikii kitu. Na wenzangu wote wamenyamaza ghafla, nikajua wanasikiliza kwa makini. Faili likaisha, sekunde kama sita hivi. Nikasema moyoni sauti iko chini. Nikapandisha. Nikapandisha tena. Nikafika mwisho kabisa, asilimia 100, nikabonyeza mara ya pili, na hapo nikaanza kusikia kwa mbaaali, nje ya hedifoni, kitu kama SHHHHHH ndani ya nyumba, nikawaza hivi jirani anafanya nini saa hizi. Meseji zinashuka kwenye skrini ZIMA ZIMA ZIMAAA, mimi nazisoma kama shangwe, aisee, hata nikatabasamu (tabasamu liko kwenye klipu, sekunde ya nne, asanteni kwa kuliwekea duara jekundu).

Kumbe mke wangu alikuwa kawasha spika ya bluetooth ili amuwekee baba yake redio. Spika ile inaikumbuka laptop yangu kuliko inavyonikumbuka mimi, ikainyakua papo hapo, faili na kol vyote vikahamia sebuleni. Na spika iko kwenye meza ndogo, pembeni ya kochi. Kwenye kochi kalala baba mkwe.

Nilipotoka mbio, hedifoni shingoni, waya unaburuza, nikamkuta mzee kasimama mbele ya TV iliyozimwa anaipiga kofi juu. Taratibu, kama fundi. Paa. Anasikiliza. Paa. Akaniona, akasema kwa upole kabisa, "Mkwe, TV yenu ina chenga. Nishikie kiti nicheze na antena." Na kabla sijafungua mdomo spika ikatoa sauti ya Mzee wa Klipu, kwa nguvu ile ile ya asilimia 100: "HUYU JAMAA NI MPUMBAVU SANA!" Mzee akaigeukia TV. Akanigeukia mimi. Nikasema, "Shikamoo baba." Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo namwamkia.

Na nyie mnaoandika eti nililia, yale yalikuwa macho ya kukodoa, muwe na adabu.

Basi. Spika ikazimwa, mke hanisemeshi mpaka sasa, mzee kaondoka asubuhi kaniachia ushauri ninunue antena mpya, nikaitikia "sawa baba" maana kumweleza ADPCM sikuweza.

Faili lenyewe nikalipitisha kwenye vgmstream, programu ya kufungua sauti za magemu, likafunguka mara moja tu, safi, kama sekunde ishirini. Mnajua ni sauti ya nini? Mvua. Mvua ya kawaida ya kwenye gemu, inanyesha tu shhhhh mpaka mwisho. Nimeirusha kwenye grupu kujisafisha jina na hakuna hata mmoja anayeamini kwamba nimelifungua, Mzee wa Klipu kasikiliza yote halafu kajibu, "Prof, bado chenga hizo."